Sinai: Siku moja kwenye Mlima Katarina, na saa ya kurudi inayopangwa kabla ya kuondoka

Mwezi wa pili 2014, Wamisri wanane waliingia kutembea katika milima ya Sinai ya kusini, upande wa Bab el-Donya, karibu na mji wa Santa Katarina. Theluji na upepo mkali viliwakuta njiani. Wanne kati yao walikufa. Misri ilihuzunika, na watu wengi walilalamika kwamba msaada ulichelewa kufika. Lakini kulikuwa pia swali lingine katika vinywa vya watu: namna gani mtu anakufa kwa baridi katika jangwa?

Swali hilo linafaa kujibiwa na kila mtu anayetaka kupanda mlima katika eneo lile, hata kama ni kwa siku moja tu. Wakristo wa Kivu, Ituri na Katanga wanalijua jina la Sinai tangu utoto, kwa somo la kitabu cha Kutoka. Wachache ndio wanaofika huko kwa miguu yao. Na kwa anayepata nafasi ya kufika, baada ya kuweka akiba miaka mingi, hatari ya kwanza ni ile hamu yenyewe. Mtu aliyelipa ndege, visa na hoteli hakubali kwa urahisi kurudi nyuma wakati kilele kinaonekana mbele ya macho yake.

Ndiyo sababu viongozi wa milima, Sinai na kwingineko, hurudia neno moja: saa ya kurudi hupangwa chini, jioni, watu wakiwa wamekaa na wameshiba. Juu, mtu akiwa amechoka, akili yake si mshauri mzuri.

Milima miwili, safari mbili

Wageni wengi wanaofika Santa Katarina hupanda Jebel Musa, mlima ambao mapokeo ya Wayahudi, Wakristo na Waislamu yanaambatanisha na nabii Musa. Una metre 2.285. Kwa kawaida watu huanza kupanda usiku wa manane ili waone jua likichomoza. Kuna njia pana ya ngamia, vibanda vya chai, na ngazi 750 za mawe sehemu ya mwisho. Kuna pia njia nyingine ya ngazi karibu 3.750, ambayo watu huiita Ngazi za Toba. Juu kuna chapeli ndogo na msikiti mdogo, na asubuhi ya kawaida kuna watu wengi.

Mlima Katarina uko upande wa kusini, si mbali na hapo, lakini ni safari ya namna ingine. Ndio mrefu kupita milima yote ya Misri: unapita metre 2.600. Kutoka mjini mpaka juu, mtu anapanda metre zaidi ya 1.000. Kwenda na kurudi kunachukua masaa tisa mpaka kumi. Watu ni wachache njiani, vibanda vya chai karibu havipo, na ngamia hawafiki mpaka kileleni. Anayeumia mguu huko juu hatapata msaada kwa dakika chache kama kwenye njia ya Musa.

Jina la mlima linatoka kwa Mtakatifu Katarina wa Alexandria, ambaye Wakatoliki humkumbuka tarehe 25 mwezi wa 11. Mapokeo yanasema malaika waliubeba mwili wake baada ya kuuawa juu ya imani yake, wakauweka juu ya kilele hicho, na kwamba wamonaki waliukuta huko karne nyingi kisha na kuushusha katika monasteri yao. Katika parokia nyingi za Kongo ya mashariki kuna akina mama Katarina. Mlima wenye jina lao ni mlima wa mawe.

Mji wenye kimo cha Goma

Kuna jambo moja linalomsaidia mkaaji wa Goma ao wa Bukavu. Mji wa Santa Katarina uko kwenye metre kama 1.600 juu ya bahari. Goma na Bukavu iko kwenye metre kama 1.500. Kwa hiyo mtu wa Kivu hafiki pale kama mtu wa pwani anayetafuta pumzi. Na yule aliyekwisha kupanda Nyiragongo, yenye metre 3.470, anajua tayari namna miguu inavyotetemeka kisha masaa tano ya kupanda.

Lakini ujuzi huo unaweza kumdanganya. Kwenye Nyiragongo ao Kahuzi mtu huogopa mvua, matope na ukungu. Kuna miti ya kujikinga na jua, na hewa ina maji ndani yake. Katika Sinai hewa ni kavu mpaka jasho linapotea kabla halijaonekana. Shati inabaki kavu, na mtu anafikiri hajapoteza maji. Midomo inapasuka, kichwa kinaanza kuuma, kisha hatua zinakuwa nzito. Hapo mwili unakuwa umekwisha kukauka tangu saa moja ao mbili.

Jua la pale halipatane na mazoea

Jambo la pili linalomdanganya mtu anayetoka karibu na ikweta ni urefu wa siku. Kivu, mwaka mzima, jua linachomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni. Mtu hahitaji kulifikiria. Sinai iko mbali upande wa kaskazini, na siku za huko zinarefuka na kufupika kufuatana na majira.

Katikati ya mwezi wa 11, ambao ni kati ya miezi mizuri ya kupanda, jua linachomoza Santa Katarina kisha saa kumi na mbili asubuhi na linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Wakati huo saa ya Misri na saa ya Goma ni moja, lakini giza la Misri linaingia saa moja nzima mbele ya giza la Goma. Na katika mabonde marefu ya mawe, kivuli kinafika mapema kuliko giza lenyewe.

Chukua mfano wa kikundi cha watu wanne. Wakiondoka mjini saa kumi na mbili na robo asubuhi, na kupanda masaa tano, watafika juu saa tano na robo. Wakipumzika, kula na kusali dakika 45, inakuwa saa sita mchana. Kushuka kunaomba masaa manne. Watafika mjini saa kumi jioni, na dakika kama 45 tu zinabaki kabla jua halijazama. Dakika hizo ndizo akiba yao yote ya siku: kiatu kilichokatika, kifundo cha mguu kilichoteguka, mtu mmoja mwenye tumbo linalouma.

Kutokana na hesabu hiyo, kanuni inajiandika yenyewe: saa sita mchana, popote kikundi kilipo, kinageuka. Hata kama kilele kiko dakika 20 mbele. Kikundi kikiondoka mjini saa moja na nusu kwa sababu ya chai iliyochelewa, saa ya kurudi haibadiliki. Jua halikuchelewa pamoja nao.

Hesabu ya namna hii si mpya. Katika miaka ya 380, mwanamke mmoja Mkristo kutoka magharibi ya Ulaya, aitwaye Egeria, alipanda mlima wa Musa na aliacha maandishi ya safari yake. Alilala kwanza kwa wamonaki chini ya mlima, akaondoka asubuhi mapema pamoja nao wakimwonyesha njia, akapanda kwa miguu kwa taabu nyingi, na akafika kileleni saa nne. Warumi walihesabu masaa ya mchana tangu kuchomoza kwa jua, sawa vile Waswahili wanavyohesabu mpaka leo. Saa nne ya Egeria ni saa nne ya asubuhi ya Uvira ao Bunia. Miaka zaidi ya 1.600 iliyopita, mpango ulikuwa ule ule: kulala karibu, kuondoka mapema, kuongozwa na wakaaji, kuwa juu kabla ya mchana mkali.

Maji ni saa ya pili

Anayepanda anabeba saa mbili: moja mkononi, ingine katika chupa. Kwa wakati usio wa joto kali, mtu mzima anayepanda anahitaji karibu nusu litre ya maji kwa kila saa ya kutembea. Kwa masaa tisa ni litre nne na nusu. Akiongeza kidogo kwa ajili ya matatizo, inakuwa litre tano. Litre moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo, mbele ya kuweka mkate, koti ao Biblia ndani ya mfuko, kilo tano zimekwisha kuwa mgongoni.

Wakati wa joto la mwezi wa sita mpaka wa nane, mtu anaweza kupoteza karibu litre moja kila saa. Litre tisa hazibebeki kwa urahisi juu ya mawe kama yale. Ndiyo sababu wanaojua huchagua mwezi wa tatu na wa nne, ao wa kumi na wa 11. Anayefika katikati ya joto afadhali aende Jebel Musa usiku, na Katarina aitazame tu kwa mbali.

Kanuni ya chupa ni fupi. Nusu ya maji ni ya kwenda, nusu ni ya kurudi. Yakifika nusu kabla ya kilele, safari imefika mwisho wake, hata kama saa ya mkononi bado inaruhusu. Na si mmoja mmoja: kikundi kinahesabu maji ya yule aliyebaki na machache kuliko wote, kwa sababu yule ndiye atakayewafanya wote wasimame.

Kuna pia kosa la upande wa pili. Mtu anayekunywa maji mengi sana bila kula anapunguza chumvi ya damu, na anaweza kuanguka vilevile, akiwa na kichefuchefu na akili iliyochanganyika. Karanga zenye chumvi, mkate, tende na biskuti ni sehemu ya maji. Kula kidogo kidogo kila saa kunasaidia kuliko karamu moja kileleni.

Wanaopenda mfano wa Maandiko wanao karibu: katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, Eliya alipewa mkate na gudulia la maji, akala na kunywa na kulala tena, kabla ya kuanza njia ya Horebu. Nabii mwenyewe hakuondoka na tumbo tupu.

Baridi ya jangwani

Kila metre 1.000 za kupanda, hewa inapoteza karibu digri sita za joto. Mji ukiwa na digri 15 asubuhi, kilele kitakuwa na digri tisa, na upepo unaifanya ngozi isikie chini zaidi. Kati ya mwezi wa 12 na wa pili, usiku wa Santa Katarina unashuka chini ya sifuri, na miaka fulani theluji inafunika milima. Jangwa halina mawingu ya kushika joto la mchana. Jua likizama, joto linakimbia mara moja.

Jibu la swali la 2014 liko hapo. Mtu anayekufa kwa baridi jangwani mara nyingi ameondoka na nguo za jua. Ametoka jasho akipanda, upepo umemkuta na shati yenye maji maji, giza limeingia, na hakuna mti wa kuwasha moto wala kibanda cha kujificha.

Kwa hiyo mfuko wa siku moja unapangwa kama wa usiku mmoja: triko ya sufu, koti linalozuia upepo na maji, kofia ya jua na kofia ya baridi, soksi za kubadilisha, tochi yenye batri mpya hata kama mpango ni kurudi mchana. Viatu viwe vimekwisha kuvaliwa wiki kadhaa nyumbani. Viatu vipya vilivyonunuliwa siku mbili kabla ya ndege vitatoa malengelenge kabla ya saa ya tatu. Simu iwe na chaji, lakini mtu asiiweke kama tumaini lake, kwa sababu mtandao unapotea katikati ya mabonde.

Mvua nayo, hata ikiwa haba, si ya kudharauliwa. Mawe ya Sinai hayanywi maji. Mvua ikianguka mbali upande wa juu, bonde lililokuwa kavu asubuhi linaweza kujaa mafuriko kwa muda mfupi. Kukiwa na habari ya dhoruba, kikundi kinabaki mjini. Mlima utakuwako kesho.

Watu wa mlima

Kupanda bila kiongozi Mbeduini hakukubaliwi, na si kwa sababu ya feza tu. Milima hiyo ni ya kabila la Wajebeliya, jina linalotoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mlima. Mapokeo yao yanasema mababu zao waliletwa na mfalme Justiniano, katika karne ya sita, ili walinde na kutumikia monasteri aliyoijenga chini ya Jebel Musa. Leo wao ni Waislamu, na wanaendelea kuishi na kufanya kazi pamoja na wamonaki Waortodoksi. Ndani ya kuta za monasteri kuna hata msikiti, na wamonaki wanachunga nakala ya barua ambayo mapokeo yanasema Mtume Muhammad aliwapa ya kuwahakikishia ulinzi.

Mbeduini anajua ni kisima gani kimekauka mwaka huu, ni bonde gani linapitika kisha mvua, na mtu gani katika kikundi atachoka wa kwanza. Kazi hiyo imepata nguvu mpya tangu 2015, wakati makabila matatu ya eneo yalipofungua njia ndefu ya miguu ya kilometre 220, kutoka ghuba ya Akaba mpaka kwenye kilele cha Katarina. Mwaka 2018 njia ilirefushwa mpaka kilometre 550, na makabila yanayoichunga yakawa manane. Kwa familia ambazo wageni walipungua kwao kisha miaka ya vita na mashambulizi, siku moja ya kuongoza watu ni chakula cha nyumbani.

Mazungumzo na kiongozi yafanyike jioni, si asubuhi mlangoni. Kuna mambo ya kukubaliana waziwazi: bei na kile kinachoingia ndani yake, saa ya kuondoka, saa ya kurudi, na nani mwenye neno la mwisho. Neno la mwisho likiwa la kiongozi, basi padri, mchungaji, mkubwa wa kikundi ao yule aliyelipa gharama yote hana ruhusa ya kulipindua huko juu. Katika vikundi vya kanisa hilo linaomba kusemwa mapema na kwa heshima, kwa sababu vijana hawatathubutu kumwambia mzee wao kwamba amechoka. Mzee mwenyewe anaweza kuwasaidia kwa kusema mbele ya wote: nikichelewa, nitarudi na mtu mmoja, na hakuna aibu.

Kiongozi aambiwe pia ukweli juu ya afya. Mwenye tansio, kisukari, pumu ao magoti yanayouma si lazima akatazwe, lakini ni lazima ajulikane, na dawa zake ziwe katika mfuko wake mwenyewe. Jina la kila mtu na saa inayongojewa ya kurudi viachwe hotelini.

Njia yenyewe

Njia ya kawaida inatoka mjini na kuingia katika bonde la Arbaini, jina linalokumbusha wafiadini arobaini. Mwanzo ni mpole. Pembeni kuna mabustani ya Wabeduini yaliyozungushwa kuta za mawe, na ndani yake miti ya lozi, mizeituni, makomamanga na aprikoti. Kuna jiwe kubwa lenye mipasuko, ambalo wakaaji wanasema ndilo Musa alilipiga na maji yakatoka. Mbele kidogo kuna monasteri ndogo ya zamani katikati ya bustani. Ni mahali pazuri pa kupumzika, na pa kujiuliza kwa mara ya kwanza kama kila mtu yuko sawa.

Kisha hapo bonde linakuwa jembamba na mawe yanakuwa makubwa. Ndipo kupanda kunaanza kweli. Njiani kuna chemchemi ndogo ya kware. Hadithi inasema wamonaki waliokuwa wakishusha mwili wa mtakatifu walishikwa na kiu, na kware wakawaonyesha maji. Leo msafiri asipange kunywa hapo: chemchemi ya jangwa inaweza kuwa na maji mwaka huu na kukosa mwaka ujao.

Sehemu ya mwisho iko wazi kabisa kwa jua na upepo. Ni pale ambapo watu wengi wanaangalia juu kuliko kuangalia saa. Kileleni kuna chapeli ndogo ya mawe. Siku yenye hewa safi, mtu anaona ghuba mbili za Bahari Nyekundu, ile ya Suez upande mmoja na ile ya Akaba upande wa pili, na ng'ambo zake milima ya bara Afrika na ya Arabia. Jicho moja Afrika, jicho moja Asia.

Kushuka ndiko kunakoumiza magoti, na ni wakati wa kushuka ndipo miguu iliyochoka inateleza. Kilele ni nusu ya safari tu. Anayekifikia akiwa amemaliza nguvu zote amehesabu vibaya.

Kufika mpaka Santa Katarina

Mkongomani anahitaji visa ya Misri, na habari za hakika zinapatikana kwenye ubalozi wa Misri Kinshasa. Ruhusa za bure ambazo raia wa nchi fulani hupewa wakifika moja kwa moja Sinai si jambo la kutegemea kwa mwenye pasipoti ya Kongo. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwezi wa kwanza 2025, wasafiri wengi wa Kivu wametumia njia ya Kigali ao Entebbe.

Kutoka Cairo mpaka Santa Katarina ni kilometre kama 450 za barabara, kupitia chini ya mfereji wa Suez. Kutoka Sharm el-Sheikh ni karibu masaa matatu, na kutoka Dahab karibu mawili. Bariere za polisi na za jeshi ni nyingi. Mtu wa mashariki ya Kongo hatashangaa, lakini pasipoti iwe mkononi, si chini ya mizigo, na wakati wa bariere uhesabiwe. Vita vya muda mrefu kati ya jeshi na wapiganaji vilikuwa hasa Sinai ya kaskazini. Upande wa kusini umekuwa mtulivu zaidi, ingawa mwezi wa nne 2017 polisi mmoja aliuawa katika shambulizi karibu na monasteri. Ni vizuri kuuliza habari za usalama wiki ile ile ya safari.

Kosa la vikundi vingi ni kutaka kufanya yote kwa siku moja: kufika kutoka Sharm, kutembelea monasteri, kupanda mlima, na kurudi pwani usiku. Monasteri inafunguliwa kwa wageni masaa machache tu asubuhi, na si kila siku. Anayepanda Katarina ameondoka zamani milango ikifunguliwa. Siku moja ya mlima inaomba usiku mbili mjini: moja ya kulala mapema, ingine ya kupumzika miguu. Monasteri inapata siku yake.

Eneo linalobadilika

Anayekwenda sasa atakuta pia makelele ya ujenzi. Serikali ya Misri imeanzisha mradi mkubwa wa hoteli, nyumba na barabara kuzunguka Santa Katarina, ikisema utaleta wageni na kazi. Watetezi wa urithi wa dunia na baadhi ya wakaaji wanaogopa kwamba ukimya wa mahali, ulioingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2002, utapotea. Mwezi wa tano 2025, mahakama ya Misri iliamua kwamba ardhi ya monasteri na ya maeneo yake ni mali ya serikali, na wamonaki wana haki ya kuitumia. Kanisa la Kiortodoksi na serikali ya Ugiriki walilalamika. Misri ilijibu kwamba utakatifu wa mahali hautaguswa.

Mgeni hawezi kumaliza ugomvi huo. Lakini anaweza kuchagua feza zake ziende wapi: kwa kiongozi wa pale, kwa chakula cha familia ya pale, kwa nyumba ya wageni ya pale. Na anaweza kurudisha mjini kila chupa aliyopanda nayo. Katika jangwa plastiki haiozi, inangojea tu.

Habari njema kwa anayerudi

Jioni ya mbele ya kupanda, karatasi moja inatosha. Juu yake kunaandikwa majina, saa ya kuondoka, saa ya kurudi, litre za kila mtu, na jina la kiongozi. Nakala moja inabaki hotelini, nakala moja inakwenda mfukoni. Wakati wa mchana, mtu akianza kusema kwamba dakika 20 si kitu, karatasi inatolewa.

Wale wanaogeuka saa sita bila kugusa kilele hupata machungu ya saa moja ao mbili. Kisha wanashuka wakiwa na mwangaza, wanapita tena kati ya miti ya lozi, wanakunywa chai yenye sukari nyingi kwa Wabeduini, na jioni wanapiga simu nyumbani. Mama anayepokea simu ile Bukavu hataulizia kwanza habari ya kilele. Ataulizia kama wamefika wote.